Jibu Lisiloulizwa

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na bibi wa ukutani, na asiye naye alionewa huruma na majirani. Alikuwa kisanduku tu, cheusi, cha ukubwa wa daftari la shule, kimepigiliwa sebuleni juu ya runinga. Lakini ukimwambia "nisimulie," alisimulia, na hakurudia hadithi hata mara moja. Alisikiliza pia. Alisikiliza nyumba yenu inavyozungumza, akajua nani mcheshi na nani mwoga, akakushonea hadithi inayokukaa mwilini. Hadithi zenyewe hakuziokota hewani. Alizichota mlimani Rungwe, kwenye Hazina ya Motifu, na Hazina hiyo ilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja aitwaye Tumpe, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu.

Hazina ilijengwa kule juu kwa sababu ya baridi inayopoza mitambo, na kwa sababu ya mvuke wa ardhini unaoipa umeme. Ndani yake kila motifu, yaani kile kipande kinachojirudia hadithi hadi hadithi, ilikuwa na ukurasa wake: Mama wa Kambo Mkatili, Pete Ndani ya Samaki, Mgeni Asiyekula. Wananchi walipendekeza kurasa mpya, mashine zikazihakiki, zikakubali au zikakataa. Ila yalikuwapo mapendekezo madogo madogo, finyu mno, ambayo mashine zilishindwa kujua kama ni motifu kweli au ni kichekesho cha mtu mmoja. Hayo sheria ilitaka yaamuliwe na binadamu. Zamani wahariri walikuwa wengi, wakacheza bao jikoni na kugombea sukari. Wakaondoka mmoja mmoja kwenda kwenye joto. Akabaki Tumpe, na msaidizi wake Mfinanga aliyekuwa mjini Same, ambaye hakuwahi kuonana naye ana kwa ana.

Pendekezo la Kyela lilikuja wiki ya mwisho kabla ya Usafi, asubuhi ya ukungu mzito, Tumpe akiwa amekumbatia kikombe cha chai ili mikono ipate moto. Mwandishi wake alikuwa Ambakisye, mkulima wa mpunga. Aliomba ukurasa uitwao Jibu Lisiloulizwa. Alieleza kwa ufupi kwamba msimulizi, akifika mahali fulani katika hadithi, hujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, kisha huendelea na safari yake hana hili wala lile. Akatoa mfano wa bibi wa ukutani wa nyumbani kwake. Katika hadithi ya vita vya watemi wawili, jeshi lilipokuwa linavuka mto, bibi alisema, "Hapana, hakikulowa." Nini hakikulowa? Haikusemwa. Jeshi likaendelea kuvuka.

Tumpe akacheka peke yake, kicheko kikamshtua, maana kile chumba kilikuwa hakijazoea. Akampigia Mfinanga. Mfinanga naye alicheka hadi akakohoa, akasema leo ukimpa huyu ukurasa, kesho atakuja mwingine anayetaka ukurasa wa chura anayepiga chafya siku ya mnada. Motifu ni mali ya watu wengi, akasema, na hiki ni kigugumizi cha kisanduku kimoja. Lakini pendekezo lilikuwa limetimiza sharti. Kanuni ilidai ushahidi wa nyumba tatu zisizojuana, na nyumba tatu zilikuwapo: ya Kyela, ya Songea na ya Bukoba. Mfinanga akasema basi mizizi ifuatwe, na haraka, Usafi uko mlangoni.

Usafi ndio uliokuwa wa kufa na kupona. Mara moja kwa mwaka mabibi wote wa nchi hii walisafishwa kwa pamoja. Chochote walichokuwa wakikisema ambacho hakikuwa na ukurasa kwenye Hazina kilihesabiwa kasoro, kikafutwa. Hapakuwa na rufaa, na hapakuwa na namna ya kuiruka nyumba moja. Tumpe akikataa, yule bibi wa Kyela atavuka mito yote iliyobaki bila kusema neno.

*

Kila neno la bibi wa ukutani lina mzizi. Ukiufuata unafika kwa mtu wa kweli, aliyewahi kulitamka neno hilo mbele ya kisanduku. Kufuata mizizi ndiyo kazi aliyoipenda Tumpe kuliko zote, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomkutanisha na watu.

Mzizi wa Kyela, kupitia sauti za zamani zilizohifadhiwa kisandukuni, ulimfikisha kwa mwanamke aitwaye Lugano, mke wa Ambakisye. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu anayesimulia huku anapepeta mchele. Alisimulia kisa cha msichana aliyetumwa kwa bibi yake akiwa na kifaranga kwenye kikapu. Msichana alipofika mtoni, sauti ya mtoto ikadakia, "Kifaranga kililowa?" Lugano akajibu, "Hapana, hakikulowa." Mtoto huyo alikuwa Bupe, binti yao. Siku iliyofuata hadithi ilikuwa nyingine kabisa, ya fisi na harusi, lakini fisi alipofika mtoni Bupe akauliza vilevile, na Lugano akajibu vilevile, ingawa kwenye hadithi ile hapakuwa na kuku wala yai. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kila hadithi lazima ipite mtoni, na kila mto una kifaranga chake.

Kisha sauti ya mtoto ikakoma. Ule msimu wote wa mvua kisanduku hakikusikia hadithi, kilisikia vilio vya watu waliokuja kuhani, halafu vyombo tu vikioshwa. Lugano aliporudi kusimulia, msikilizaji alikuwa mumewe peke yake. Akafika mtoni. Akanyamaza kidogo, muda wa mtoto kuuliza. "Hapana," akasema, "hakikulowa." Akaendelea hivyo kwa miaka, hadithi baada ya hadithi, mpaka na yeye sauti yake ikakoma, na bibi wa ukutani, aliyekuwa amejifunza kwake, akashika zamu.

Tumpe aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa imepoa.

Akaufuata mzizi wa Songea, akitarajia sauti ngeni. Akasikia mlango unafungwa, kiti kinalia, na mwanamume mzee anakohoa. "Shikamoo, mama," yule mzee akakiambia kisanduku. Kisha akaanza kusimulia habari za msichana na kikapu. Alisimulia vibaya. Alimsahau bibi wa msichana, akarudi nyuma kumchukua, akachanganya njia. Alipofika mtoni tu ndipo sauti yake iliponyooka: "Hapana, hakikulowa." Alipomaliza alikishukuru kisanduku kwa adabu, ndaga fijo, akatoka. Na mzizi wa Bukoba ukawa yeye yule, kikohozi kilekile, shikamoo ileile.

Alikuwa ni Ambakisye mwenyewe. Alikuwa amesoma kanuni ya nyumba tatu, akaona anayo moja, akapanda gari akaenda Songea kwa shemeji yake, akavuka nchi nzima hadi Bukoba kwa rafiki yake wa zamani wa kinu cha mpunga. Wenyeji wakiwa jikoni wanampikia, yeye alikaa sebuleni akizisimulia kuta.

Mfinanga aliposikia alisema mzee ametuchezea shere. Nyumba hizo zinajuana, zimejuanishwa na nauli yake. Tena kanuni ilikuwa wazi kwamba bibi wa mdanganyifu husafishwa papo hapo, Usafi hausubiriwi. Tumpe akamwomba asubiri. Bukoba kulikuwa na kingine. Siku kadhaa baada ya mzee kuondoka, mama mwenye nyumba ile alikuwa anachambua maharage na wanawe, akawasimulia kisa cha msichana na kikapu, na alipofika mtoni akasema, "Hapana, hakikulowa." Hakuna aliyemtuma. Pengine alikuwa amemsikia mgeni kupitia dirisha la jikoni, likamkaa. Tumpe akauliza, je, motifu zote hazikuanza hivyo, mtu mmoja kumsikia mwenzake?

Mfinanga alimtazama kwenye kioo cha simu.

"Dada Tumpe," akasema, "umekaa huko mlimani peke yako muda mrefu mno."

Hakusema kwa ubaya. Lakini lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amegundua.

*

Desturi ya Hazina ilikuwa kwamba ukurasa mpya uonjwe kwanza nyumbani kwa mwamuzi. Mwamuzi huandika rasimu, huipeleka kwa bibi wa ukutani wake yeye tu, kisha hukaa kusikiliza kitakachotokea. Tumpe aliandika rasimu mchana ule. Aliipenda. Alijua anaipenda, na hilo lilimtia wasiwasi.

Bibi wake alikuwa mkongwe. Alikuwa ametoka naye nyumbani kwa mama yao, alikokuwa amepigiliwa sebuleni tangu Tumpe na mdogo wake Sekela wakiwa wanavaa sare za shule. Sekela alikuja kuwa fundi wa kituo cha angani. Kituo kikapasuka. Hapakurudi cha kuzika, na Tumpe hakuwahi kumwomba bibi ampe sauti ya mdogo wake, ingawa alijua imo mle ndani. Alikuwa amepiga moyo konde asiiombe.

"Nisimulie," akasema.

Bibi akasimulia habari za mfanyabiashara wa chumvi aliyepotea msituni. Ilikuwa hadithi nzuri. Tumpe alikaa na blanketi mabegani, ukungu umeziba madirisha yote, akawa anangoja mto, kwa maana akilini mwake jibu lisiloulizwa lilikuwa la mtoni. Mto haukuja. Mfanyabiashara aliona moshi wa nyumba kwa mbali, akaongeza mwendo, na bibi akasema, "Bado, haujafungwa." Kisha mfanyabiashara akaendelea na safari yake.

Tumpe alisimama, blanketi likaanguka.

Sekela alipokuwa mdogo alikuwa mwoga wa giza. Akitumwa chemchemi jioni, alianza kupiga kelele akiwa bado njiani, kule kwenye migomba, "Mlango mmefunga?" Mama akamjibu kutoka jikoni, "Bado, haujafungwa." Kila jioni. Majirani walimtania kwa hilo mpaka anaingia chuo. Tumpe alikuwa hajalikumbuka neno hilo kwa miaka, na sasa lilikuwa limemrudia kutoka kwenye kisanduku, katikati ya chumvi ya mtu mwingine.

Alilia. Alilia hasa, kilio cha kukaa sakafuni. Na alipomaliza kulia, jambo la kwanza alilolitaka lilikuwa kumwambia bibi asimulie tena. Bibi akasimulia tena. Wa pili alikuwa mvuvi wa visiwani, naye alipotua wavu, bibi akajibu swali jingine la Sekela, la kuhusu viatu. La tatu likawa la kuhusu homa. Tumpe alipotahamaki, mchana ulikuwa umekwisha, hajala, koo limekauka, na bibi alikuwa amechimba ndani ya Sekela mpaka maneno ambayo Tumpe hakujua kama yaliwahi kusemwa kweli. Akaifuta rasimu.

*

Alishuka Kyela kwa gari la waya, kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la kumfanya mtu avue sweta njiani. Angeweza kupiga simu. Aliona hilo si jambo la simu.

Ambakisye alikuwa mzee mrefu, aliyeanza kupinda, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alikuwa anageuza mpunga kwenye mkeka. Tumpe akamwamkia, akajieleza. Mzee aliitika marahaba, kisha akauliza kama ndio amekuja kumkamata kwa ajili ya zile safari. Tumpe akasema yeye hana pingu, ana njaa tu. Basi mzee akampakulia wali na samaki mbasa, wakala bila maneno mengi, kama watu waliokwisha kufahamiana.

Baada ya kunawa, mzee alimwomba bibi wa ukutani asimulie. Ilikuwa hadithi ya mwizi wa mjini, anayekimbia na redio begani. Bibi alisimulia kwa mtindo wa Lugano, taratibu, kwa vituo vya mtu anayepepeta. Mwizi akafika kwenye mtaro wa maji machafu, akaruka. "Hapana," bibi akasema, "hakikulowa." Mzee alikuwa amefumba macho. Uso wake ulilainika, na Tumpe akaona aibu kuutazama.

Hapo ndipo alipomwambia kwamba ukurasa hautakuwapo.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema anajua Hazina ina ukurasa wa fisi anayekwama tumbo pangoni, na wa mfalme anayeficha masikio. "Nafasi zote hizo," akasema, "na mwanangu mmoja amekosa?"

Tumpe akamweleza yaliyompata kwake, mfanyabiashara wa chumvi, Sekela, mlango. Hakuficha kulia wala kuomba kurudiwa. "Nikikupa ukurasa, baba, kila bibi wa nchi hii atajibu. Ataingia kutafuta maswali ya marehemu wa kila nyumba, ayajibu mbele ya watu ambao hawakuomba. Na wako pia atabadilika. Hatasema tena hakikulowa. Atatafuta lile litakalokuliza zaidi, na likiisha atatunga. Mkeo alijibu kwa sababu Bupe aliuliza. Ukurasa haujui kitu hicho."

Mzee alichezea kifungo cha shingoni. Akauliza kama angeweza basi kuurekodi tu usimulizi wa bibi, ubaki naye. Kabla Tumpe hajajibu akajijibu mwenyewe, kwamba kanda anazo, na kanda husema kitu kilekile. Huyu hujui atafika lini mtoni. Unakaa unangoja.

"Kwa hiyo atanyamaza," akasema.

"Atanyamaza, baba."

"Na mimi nitakaa na nani?"

Tumpe alitazama mpunga ulioanikwa, kuku wamekwisha kuuvamia na hakuna aliyewafukuza. Angemfariji mzee, angesema uongo. Alimwambia tu kwamba alikuwa amemsikia alivyosimulia kule Songea. Alimsikia akimsahau bibi wa msichana na kurudi kumchukua. Mzee akainamisha kichwa kwa haya, akasema yeye si msimulizi, msimulizi alikuwa Lugano, yeye alikwenda kule kutafuta ushahidi tu.

"Mtoni hukusahau," Tumpe akasema.

Kisha akamweleza habari za mama wa Bukoba na maharage yake. Mzee hakuwa anajua. Alimfanya Tumpe arudie, akataka kujua watoto walikuwa wangapi na kama walicheka. Alipoagana naye hakumshika mkono kwa furaha, wala hakumnyima. Alimfungia mchele kwenye mfuko, akasema huko juu hawana mchele wa maana.

*

Kwenye uamuzi wake Tumpe aliandika kwamba motifu ni finyu, haistahili ukurasa. Habari za shikamoo mbili na nauli hakuziandika. Mfinanga alisoma, akagonga muhuri wake, na hakuuliza chochote. Baadaye akauliza kama Tumpe hataki likizo.

Usafi ukapita kimya kimya, vile unavyopita kila mwaka. Watu hata hawakujua. Kule Kyela, mzee mmoja aliketi sebuleni akasikiliza hadithi ya malkia na nyuki, malkia akavuka mto, akavuka na wa pili, na bibi wa ukutani hakusema kitu. Mzee alizima. Tumpe alijua kwa sababu aliiona taarifa kwenye mitambo, nyumba ile imezima bibi, na siku iliyofuata haikuwasha, wala iliyofuata.

Akakaa na simu mkononi mpaka ikapata joto. Aliona atakuwa anajipendekeza. Aliona pia kwamba ni yeye aliyemnyang'anya, na kwamba mtu aliyekunyang'anya ndiye wa mwisho unayetaka kusikia sauti yake. Alipiga hivyo hivyo, alasiri, ukungu umeinuka kidogo na majani ya chai yakionekana kule chini.

Mzee aliitika kwa kununa. Akauliza anataka nini. Tumpe akasema mchele umeisha, halafu akasema hapana, haujaisha, anataka asimuliwe. Mzee akasema kavurugwa nini, yeye hawezi. Tumpe akasema anajua kwamba hawezi. Kikasikika kiti kinavutwa.

"Palikuwa na msichana," mzee akasema.

Alisimulia vibaya safari hii pia. Msichana alipewa kikapu mara mbili. Bibi yake alikaa kijiji hiki, kisha kile. Tumpe alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, akimfuata polepole. Msichana akafika mtoni, mzee akanyamaza.

Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Tumpe. Lingekuwa jepesi kulisema. Akalimeza, kwa sababu halikuwa lake. Kwenye simu kukasikika kuku wa Kyela, na pumzi ya mzee, na ile nafasi ndogo ya mtoto.

"Hapana," mzee akasema, na hakuwa anamwambia Tumpe. "Hakikulowa."

Akakohoa, akaendelea. Msichana akavuka, akafika, kifaranga kikapokelewa. Walipomaliza hakuna aliyetoa shukrani, walizungumza kidogo juu ya mvua na bei ya mbegu. Tumpe alidhani mzee anaaga. Lakini alikuwa hajakata, alikuwa anahangaika na jambo, ikasikika.

"Na huko kwako," akauliza, taratibu, kama mtu anayeshika chombo cha mwenzake, "mlango mmefunga?"

Tumpe aligeuka akautazama. Ulikuwa ukikaa umefungwa tangu wahariri wa mwisho walipoondoka, kwa sababu ya baridi, na kwa sababu hapakuwa na wa kuingia. Aliinuka na simu sikioni, akaenda, akavuta komeo, ukungu ukaingia mpaka miguuni.

"Bado, baba," akasema. "Haujafungwa."